Jina la Mzee Kibwana Kwenye Kontrola

Mmeniaga kwa keki, soda na hotuba ambazo zingetosha kuaga watu watatu. Meneja alisema naacha pengo kubwa. Pengo gani? Nimewaachia funguo zote, michoro yote na bisibisi zote, isipokuwa ile yenye mpini mwekundu niliyoinunua madukani Gerezani kwa fedha yangu. Hiyo msinitafutie, ninayo nyumbani na ninaitumia.

Upendo, ambaye sasa amekalia kiti changu, aliniomba niandike niliyoyaona kazini, ili fundi mpya akija asianze kumuuliza maswali yaleyale niliyoulizwa mimi. Nimekubali, ila habari za vyeo na mishahara sitaandika, maana vyeo vyangu vilikuwa vichache na mishahara mnaijua. Nitaandika juu ya mashine na juu ya mtu aliyenifundisha mashine, Mzee Kibwana, ambaye mimi Osmundi, kwa kidole changu mwenyewe, nilimfungia mlango wa kazi iliyokuwa inamwamsha kila siku. Hitilafu nyingine zote nilizowahi kuzishughulikia zilikwisha nikasahau. Hiyo mpaka leo nikiikumbuka roho inaniuma.

Siku yangu ya kwanza nilitokea Masasi na cheti cha umeme kwenye bahasha ya kaki, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Jengo letu hapo Kariakoo wakati ule lilikuwa fupi, maduka ya vitenge na viatu chini, ofisi chache juu. Nikaelekezwa chini kabisa, kwenye chumba cha pampu. Nilimkuta mtu mnene kiasi, kofia ya kufuma kichwani, anakunywa kahawa chungu kwenye kikombe kidogo. Nikamwamkia, akaitikia, akageuza ndoo tupu, akaniambia nikae nisikilize. Nikauliza nisikilize nini. Akasema pampu, akatoka.

Nilikaa juu ya ile ndoo mpaka mchana. Aliporudi akaniuliza nimesikia nini, nikamwambia kelele. Alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Akasema mtu wa korosho hana haraka, basi kesho nirudi nisikilize tena. Siku ya tatu nikaweza kumwambia kuwa pampu ya kushoto inaanza kwa kugugumia na ya kulia inaanza moja kwa moja. Hapo ndipo aliponipa spana, na hapo ndipo alipoanza kuniita mwanangu. Sikuwa na ndugu mjini. Neno lile lilinishika, nawaambieni ukweli.

Mzee Kibwana ni Mzaramo, mtu wa hapahapa, na kazi alijifunza kwa kuishika, hakusomea popote. Hakuwa na siri. Kuna mafundi wanaomgeuzia mgongo msaidizi wanapofungua kifaa ili asione wanachofanya. Yeye alikuwa anakusogeza mpaka pua yako inakaribia kugusa waya, kisha anakwambia shika hapa, sasa niambie mwenyewe kuna nini. Alikuwa mkali kwa jambo moja tu: ukiacha paneli wazi ukaenda kula. Kwa hilo angekusema mbele ya wateja, na kesho yake angekusema tena.

Baadaye mwenye jengo aliongeza ghorofa. Zikaja ofisi zaidi, ikaja zahanati yenye maabara ghorofa ya nne, maegesho ya magari yakachimbwa chini, na juu kabisa, chini ya matangi ya maji, kikawekwa chumba cha kuswalia kwa ajili ya wafanyabiashara na wapagazi. Pamoja na hayo ikaja kontrola. Kwa ambao hamjaiona bado: ni kisanduku cha kijivu kisichozidi sinia ya chai, kimefungwa ukutani kwenye chumba cha paneli, lakini ndicho kinachoamuru taa, pampu, feni za kutolea moshi kwenye maegesho, na kufuli za umeme za milango. Zamani ukitaka kuzima taa za ngazi unapanda ngazi. Sasa unakaa mbele ya kompyuta unabonyeza.

Mafundi wa kampuni iliyoifunga walituonyesha mambo kwa mwendo wa kukimbia wakaenda zao. Sisi wengine tuliiogopa. Mzee Kibwana, ambaye umri wake ulikuwa umeshakwenda, ndiye aliyekaa nayo. Alivaa miwani ya kusomea, akaishughulikia mpaka ikamtii. Akafungua akaunti kwa jina lake, KIBWANA, yenye mamlaka yote. Halafu akafanya alivyozoea kufanya kwa kila kitu alichokijua, akatugawia. Wote tukapewa nywila yake. Sisi tuliiita paswedi, nywila nimefundishwa na Upendo.

Tukaanza utaratibu wetu. Mtu akitaka kufanya jambo kwenye kontrola alisema naingia kwa Mzee. Ingia kwa Mzee uwashe feni. Ingia kwa Mzee ufungue maabara, daktari kasahau kadi. Hakuna aliyefungua akaunti yake. Kontrola iliruhusu, na Mzee mwenyewe asingekataa, lakini tuliona ni kama kuinjika sufuria yako pembeni wakati baba yako yupo na chakula chake kipo mezani. Heshima ilituzuia. Wageni wengi waliokuja kukagua walishangaa, tukawaona wao ndio hawana adabu.

Jambo la pili lililetwa na mvua. Mzee anakaa Magomeni, na mvua zikizidi Jangwani panajaa maji, barabara inafungwa, wa Magomeni anabaki Magomeni. Mwaka mmoja bomba lilipasuka juu ya duka la vitenge huku yeye amekwama ng'ambo, anatuelekeza kwa simu na sisi tunafunga valvu zisizohusika. Vitenge viliharibika vingi. Mvua zilipokwisha alimwomba fundi wa ile kampuni amwekee njia ya kuingia kwenye kontrola kupitia simu yake, akiwa popote. Akawekewa. Sisi wengine simu zetu wakati huo zilikuwa za kupiga na kupokea tu, kwa hiyo jambo lile halikutuhusu, tukalisahau.

Mzee akastaafu. Tulimfanyia pilau, tukampa redio. Alilia kidogo, akasingizia vitunguu. Mkewe, Bi Mwajuma, alikuwa hai bado, naye akatuambia sasa ni zamu yake kuamrisha. Mwaka uliofuata akafariki. Tulikwenda kuzika, tukakaa matangani, kisha tukarudi kazini kama watu wanavyorudi. Jina KIBWANA likabaki kwenye kontrola, na sisi tukaendelea kuingia kwa Mzee. Kuna fundi mmoja wa mkataba alipendekeza tulifute kwa kuwa mwenyewe hayupo. Hakujibiwa na mtu yeyote, na chai yake siku hiyo alikunywa peke yake.

Upendo alikuja mwishoni mwishoni mwa kazi yangu. Msiomjua kwa karibu, baba yake ana duka la jumla la sabuni mtaa wa pili, watu wa Kilimanjaro, na alikulia Kariakoo hiihii kabla ya kwenda kusomea uhandisi. Anaongea haraka, anatembea haraka, na hana longolongo. Wiki yake ya kwanza aliniuliza akaunti yake itakuwa ipi. Nikamwambia aingie kwa Mzee kama wengine. Akanitazama, akasema sawa Fundi, lakini nikaona hajakubali.

Kisha likatokea lile la feni. Ulikuwa mchana wa kuelekea sikukuu, maduka yamefurika, umeme umekatika, jenereta linaunguruma chini. Feni za kutolea moshi zikazimika. Tulipoziwasha zikazimika tena. Wakati huohuo zahanati wakapiga simu kwamba mlango wa maabara umejifungua wenyewe. Nikashuka mbio maegesho nikamkuta mlinzi wetu, Bakari, ameegemea nguzo anatapika, macho mekundu kwa moshi. Tulimbeba mimi na Upendo mpaka nje kwenye hewa. Nilimwona mtu mzima mwenye watoto wanne akishindwa kukumbuka jina langu. Upendo alirudi ndani akang'oa waya wa mtandao kwenye kontrola, tukaziwasha feni kwa mkono, zikakaa; waya tukaurudisha jioni, maana bila huo kompyuta haiioni kontrola.

Bakari alipona, alhamdulillahi yeye na namshukuru Mungu mimi. Lakini mtu alikuwa ameingia kwenye jengo letu bila kupita mlangoni. Mpaka leo hatujui ni nani. Tulichokijua ni alivyoingia: kupitia ile njia ya mtandao aliyowekewa Mzee wakati wa mvua, kwa jina KIBWANA, kwa nywila ambayo karibu kila fundi aliyewahi kupita pale alikuwa nayo kichwani.

Meneja alitoa habari hiyo kwenye kikao akiwa amekasirika kweli. Akauliza huyu Kibwana ni nani na anakaa wapi, maana anataka jina lipelekwe polisi. Nilieleza kwamba Kibwana ni sisi sote, kwamba hata taa za kikao kile niliziwasha mimi kwa jina la Kibwana, na kwamba mwenyewe ni mzee mstaafu asiyeweza kumdhuru nzi. Upendo akaniunga mkono. Meneja akapoa, lakini akatoa amri: mipangilio yote ya kontrola ipitiwe, kila mlango usio na kazi ufungwe, kila jina lisilo na mtu liondoke, na kuanzia hapo zamu ya usiku iwe na fundi, siyo mlinzi peke yake.

Tukakaa mimi na Upendo kuipitia. Nawaandikia tulivyofanya, kwa sababu mtakuja kufanya tena. Tulianza kwa kuangalia nani ana mamlaka gani, na jibu likawa kila mtu ana mamlaka yote. Tukaikuta akaunti ya kiwandani bado ipo na nywila yake ya kiwandani, ileile iliyochapishwa kwenye kitabu cha maelekezo. Tukakuta saa ya kontrola iko nyuma, kwa hiyo hata kumbukumbu zake za nani alifanya nini zilikuwa za kubahatisha. Tukakuta ukishaingia hakuna kinachokutoa, unaweza kwenda kula ugali ukarudi na mlango uko wazi vilevile. Paneli wazi, Mzee angesema. Tukarekebisha kimoja kimoja. Kila fundi akapata jina lake na nywila yake. Mwenye kazi ya taa akapewa taa, akanyimwa milango. Nakala ya mipangilio tukaihifadhi pembeni kabla ya kugusa chochote, na hilo msilisahau kamwe.

Tukafika kwenye KIBWANA. Upendo akatoa mikono kwenye kibodi. Akasema kwa kutania kwamba huyu mzee ni mchapakazi, jina lake linaonekana asubuhi, mchana na usiku, hana usingizi. Nikacheka, nikamwambia ni sisi hao. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua kwamba katika ule msururu wa Kibwana feki alikuwamo pia Kibwana wa kweli. Kama kila mmoja wetu angekuwa anaingia kwa jina lake, tungemwona siku nyingi.

Upendo akaniuliza kama nataka afute yeye. Nikasema hapana, nitafuta mimi. Nilijiambia ni herufi tu. Nikabonyeza, kontrola ikauliza una hakika, nikabonyeza tena. Kisha tukafunga ile njia ya mtandao. Upendo akanunua soda mbili tukanywa, na nilishukuru kwamba siku hiyo hakuongea haraka.

Kesho yake nilipofika kazini nilimkuta Ustadhi Salehe, anayeswalisha kwenye chumba cha juu, ananisubiri mlangoni. Akaniambia alfajiri bomba zilikuwa kavu. Watu wamepandisha maji kwa ndoo kutoka chini, wazee wengine wameshindwa ngazi wakaenda kuswali kwingine. Akasema hakuja kugomba, amekuja kuuliza tu, kwa sababu tangu aanze yeye kuswalisha pale alfajiri haijawahi kukosa maji.

Niwaeleze kidogo. Bomba za kutawadhia ziko karibu sana na matangi, maji yenyewe hayana nguvu ya kutoka, kwa hiyo kuna pampu ndogo ya kuyasukuma. Pampu hiyo haiachwi ikaendelea, kwa sababu mabomba ya zamani ya juu yanavuja yakisukumwa wakati hakuna anayefungua bomba. Inawashwa swala ikikaribia na kuzimwa watu wakimaliza. Mchana tunaiwasha sisi. Alfajiri tulidhani inajiwasha kwa ratiba. Mimi nilidhani hivyo kwa miaka, na kila niliyemuuliza alidhani hivyo. Nikaenda kwenye kontrola nikafungua ratiba. Alfajiri haikuwamo. Haikuwahi kuwamo.

Nikaikumbuka simu ya Mzee na ile njia tuliyoifunga jana yake. Upendo akaniuliza kuna nini Fundi, nikamwambia naenda Magomeni.

Nilimkuta Mzee barazani kwake amevaa kanzu, simu iko mapajani, kikombe cha kahawa kimejaa kimepoa. Binti yake Zuhura alinipokea mlangoni akaninong'oneza kwamba baba hajala tangu asubuhi, amekazana na simu, anataka apelekwe Kariakoo kwa fundi simu. Mzee aliponiona uso ukamchanua.

"Osmundi mwanangu, Mungu kakuleta. Simu imekufa. Inaikataa paswedi yangu."

Akaninyooshea. Niliipokea, nikaigeuza mkononi kana kwamba naitazama. Sijui kwa nini. Mtu ukiwa na neno gumu mikono inatafuta shughuli.

"Simu ni nzima, Mzee," nikamwambia. "Ni mimi. Nimelifuta jina lako."

Alivua miwani akaifuta kwa kanzu, akaivaa, akaivua tena. Zuhura aliyekuwa anasikiliza akaingia ndani. Nilitamani angenigombeza, kama alivyonigombeza kwa paneli wazi.

"Leo watu wametawadha kwa nini?" ndilo swali lake la kwanza.

Nikamwambia kwa ndoo. Akatikisa kichwa polepole, akauliza kama Ustadhi amekasirika, nikasema hapana. Ndipo akanieleza. Bi Mwajuma alipofariki aligundua kwamba usingizi wa alfajiri umemtoroka, anaamka saa ileile aliyokuwa anaamshwa na mkewe, na nyumba iko kimya. Siku moja akachukua simu akaingia kwenye kontrola kuangalia tu jengo lake linaendeleaje. Akaona pampu ya juu imezimwa na swala imekaribia. Akaiwasha. Akaona taa ya kijani. Kesho yake akaiwasha tena. Alisema taa ile ikiwaka anajua sasa kuna mtu ananawa uso, kuna mtu anaosha miguu, na yeye ndiye aliyewafungulia maji. Halafu anaswali na siku yake inaanza. Hakumwambia mtu, kwa sababu alidhani sisi tunajua, na kwa sababu ilikuwa inamtosha.

Nikamweleza yote ya feni, ya Bakari na moshi, na ya jina lake kutajwa kwenye kikao pamoja na neno polisi. Alisikiliza ameinama. Aliniuliza mara mbili kama Bakari amepona kabisa. Kisha akasema nimefanya sawa, angekuwa yeye bado kazini angeniamuru nifunge. Alisema hivyo kwa sauti ya kazini kabisa, sauti ya msimamizi. Sauti hiyo haikudumu.

"Ila leo niache kidogo, Osmundi," akasema. "Leo nimekuwa mstaafu."

Nilivuka Jangwani kurudi na machozi yananitoka, mtu mzima na begi la spana. Sioni haya kuyaandika.

Kazini nikamsimulia Upendo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema jambo la kweli: ratiba inaweza kuifanya kazi hiyo. Dakika chache tu, unaingiza saa za alfajiri za mwaka mzima, pampu inawaka yenyewe, hakuna anayehitajika kuamka. Alikuwa sahihi, na kama mngeniuliza mimi fundi, ningesema fanyeni hivyo. Lakini mkono sikuupeleka kwenye kibodi. Yeye akawa anachezea kadi yake shingoni.

"Huyo babu anasikia vizuri kwenye simu?" akauliza.

Nikasema anasikia kuliko mimi. Basi, akasema, sheria inakataza mtu wa nje kuingia kwenye kontrola. Haikatazi sisi kumpigia mtu simu. Fundi wa zamu sasa yupo alfajiri, atampigia Mzee, Mzee ataamuru, fundi atabonyeza kwa jina lake mwenyewe. Tulimpelekea meneja wazo hilo tukitegemea atacheka. Aliuliza tu kama kuna gharama. Tukasema vocha.

Asubuhi ya kwanza Upendo alibadilishana zamu na mwenzake ili apige yeye. Nilikuwapo, nilikuja kwa makusudi. Alijitambulisha, akamwamkia, akamwambia Mzee tunasubiri amri yako. Kisha ile sauti ikatoka kwenye simu, kavu.

"Binti, mnadhani sijui kwamba ratiba inaweza?"

Upendo akanitazama, akaitazama simu. Akamjibu, "Tunajua unajua, babu. Tumeamua tusiiweke."

Halafu akasema haya, washeni. Akataka aambiwe taa ikiwa kijani. Upendo akamwambia ni kijani.

Tangu siku hiyo mambo yamekwenda hivyo. Mzee na Upendo wakawa marafiki kabla hawajaonana. Alimfundisha kusikiliza pampu kwa simu. Siku moja akamwambia kwa uhakika wote kwamba beringi ya pampu ya kulia inakwisha, Upendo akaifungua nusu siku, beringi nzima kama mpya. Kelele ilikuwa ya feni ya mezani ya Mzee mwenyewe. Mzee alisema feni hiyo basi ndiyo mbovu, na hakuomba radhi.

Na mimi zamu yangu ikafika. Siku ya mwisho, kabla ya keki, Upendo alinifuata kwenye chumba cha paneli akafunga mlango. Akasema Fundi, hili ni lazima lifanyike leoleo, nami sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Akafungua orodha ya majina, akasogea pembeni, akanipisha kiti. Nikalifuta OSMUNDI. Kontrola ikaniuliza kama nina hakika. Mashine ile haina adabu, inauliza vilevile kwa kila mtu. Basi hilo ndilo ninalowaachia kama agizo la kazi: kila mtu aingie kwa jina lake, anayeondoka jina lake liondoke siku hiyohiyo, na mwenyewe awepo, akiwa amekaa kwenye kiti.

Niliyoyapanga kuandika yaliishia hapo. Lakini lipo la leo asubuhi, siku yangu ya kwanza ya kutokwenda popote.

Niliamka alfajiri, kama kawaida. Nikaketi ukingoni mwa kitanda nikatafuta viatu vya kazi kwa miguu, kisha nikakumbuka. Mke wangu Agatha amelala. Mtaa wetu wa Buguruni wote kimya. Nilikaa pale nikijiuliza mtu huwa anafanya nini saa hizi. Simu ikalia. Alikuwa Mzee Kibwana. Miaka yote hiyo mimi ndiye ninayempigia, yeye hajawahi.

"Umeamka," akasema. Hakuwa anauliza.

"Nimeamka, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza, yule binti atanipigia sasa hivi. Macho yangu siku hizi hayashiki maandishi madogo ya kalenda. Nitazamie wewe alfajiri ya leo ni saa ngapi, nimwambie."

Mzee Kibwana anazijua saa za swala za mwaka mzima kwa kichwa. Ukimwamsha usingizini atakutajia. Na mimi ni Mkatoliki wa Masasi, kalenda iliyoko ukutani kwangu ni ya parokia. Nikamwambia asubiri. Nikawasha taa, nikavaa miwani, nikaitafuta saa hiyo kwenye simu ya Agatha, nikamsomea taratibu, mara mbili.

"Ahsante," akasema. "Na kesho uwe umeshaitafuta kabla sijapiga. Watu wanasubiri maji."